Namna ya kula raha za Dar mkiwa wawili, mbali na harusi za watu

Mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili nilikaa kitandani na daftari letu la michango nikaanza kuhesabu. Mi na mume wangu tuna miaka tisa ya ndoa, tunakaa Tabata, na mwaka ule peke yake tulienda harusi kumi na moja, sendofu nne, kipaimara mbili, na kichen pati sijui ngapi maana zile naendaga mwenyewe. Tumeshona sare, tumekaa vikao, tumelipia kadi, tumeserebuka hadi saa saba za usiku kwenye kumbi za watu. Yani tulikuwa tunatoka karibu kila wikiendi. Afu nikajiuliza, ni lini mara ya mwisho tumetoka wawili kwa ajili yetu sisi? Nikamuuliza mwenzangu akafikiria weee, akasema labda ile siku tuliyoenda kupima macho.

Hapo ndo nikaona shida ya wapenzi wengi wa mji huu. Sio kwamba hatutoki, tunatoka sana, ila tunatoka kwa ajili ya wengine. Na huku jiji limejaa muziki, michoro, ngoma, majengo ya zamani, mpira, vitabu, vyote vipo umbali wa daladala moja au mbili. Tokea pale tumebadilika na huu ni mwaka wa pili sasa, kwaiyo haya ninayoandika tumeyafanya kwa miguu yetu.

Anza na kibubu. Nunueni kile cha mbao cha buku tatu nne, na kila mkitoa mchango wa harusi ya mtu mnajichangia na nyie sehemu ya kumi. Umetoa elfu hamsini, elfu tano inaingia kwenye kibubu siku hiyohiyo, usiseme ntaweka kesho. Sisi ilitushangaza kwa jinsi inavyojaa haraka kwa sababu michango ya Dar haiishi. Na kuna faida nyingine, ile kadi ikija mnaacha kununa, maana mnajua na kwenu kuna kitu kinaingia. Hela ya kibubu haigusi gesi, haigusi ada, haigusi luku. Ni ya mtoko tu.

Cha pili zamu. Wiki hii anachagua mmoja, mtoko unaofuata anachagua mwingine, na anayepelekwa haruhusiwi kulalamika mpaka mmerudi nyumbani. Hii sheria nimeipigania sana kwa sababu watu wawili hawawezi kupenda vitu sawa, na mkisema mchague wote kwa pamoja mtaishia palepale kila siku, nyama choma na soda na kila mtu anaangalia simu yake. Mi nimekulia kwenye taarab, mwenzangu kakulia Bukoba anapenda dansi la zamani na mpira. Kama tungesubiri kukubaliana tusingeenda popote. Mkisharudi ndo kila mtu anasema kimoja alichopenda na kimoja ambacho hakikumwingia, bila kugombana. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunaandika kwenye lile daftari la michango ukurasa wa nyuma, sa hivi tunaongea tu njiani.

Sasa tuje kwenye wapi pa kwenda.

Kama hamjawahi kabisa, mtoko wa kwanza ufanyeni Jumapili asubuhi Posta. Nasema Jumapili kwa sababu siku za kazi pale hakuna raha, magari, wamachinga, watu wana haraka, ila Jumapili saa mbili asubuhi mji unakuwa mtupu na upepo wa bahari unaingia hadi mitaani, mnaweza kutembea katikati ya barabara mmeshikana mikono. Anzieni Boma la Kale pale Sokoine Drive, lilijengwa miaka ya 1860 enzi za Sultan Majid wa Zanzibar, yule ambaye alikikuta kijiji cha Mzizima akaanza kujenga mji wake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na milango ni ile ya kuchonga kama ya Unguja. Ndani kuna maonyesho ya historia ya majengo ya Dar, hakikisheni tu siku mnayoenda pamefunguliwa, na hata pakiwa pamefungwa kwa nje peke yake panatosha kuanzia. Tokeni hapo nendeni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu ambalo Wajerumani walianza kulijenga 1897 likakamilika 1902, afu mbele kidogo Azania Front la Walutheri lile lenye mnara na vigae vyekundu. Hata kama hamsali huko simameni nje dakika kumi msikilize kwaya. Ni muziki mzito kuliko tunavyouheshimu, watu wamefanya mazoezi wiki nzima na hakuna kiingilio.

Mkitoka hapo shukeni na barabara ya baharini mpaka Feri, soko la samaki. Nendeni kabla jua halijapanda sana mkute mnada bado unaendelea, watu wanapandishiana bei za changu na nguru kwa sauti utadhani wanagombana. Vaeni viatu vinavyooshwa. Hapo kula samaki wa kukaanga na ndimu na pilipili, hicho ndo kifungua kinywa chenu.

Afu pandeni kwenye bustani ya miti pale juu, nayo ya Wajerumani toka 1893, pumzikeni kivulini, jirani yake ndo Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Na mi nafurahi kwamba mtaa wenye makumbusho umepewa jina la mshairi. Hapa msipite mbio kama wanafunzi walioletwa na basi. Watu wanaingia wanapiga picha na magari ya zamani ya viongozi, yale aliyopanda Mwalimu, wanatoka. Kaeni kwenye chumba cha mambo ya kale, pale panapoelezwa habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959 na lina umri wa karibu miaka milioni 1.75. Sisi pale tulikaa kimya muda mrefu tu. Mume wangu akasema mbona sisi tunagombana kwa sababu ya rimoti. Nenda pia kwenye habari za Majimaji na za biashara ya watumwa, hizo zinaumiza, na ni vizuri kuumia ukiwa na mtu wa kumshika mkono.

Mkiwa mnarudi kituoni piteni Sanamu la Askari pale Samora. Lipo toka 1927, singe yake imeelekea bandarini, na limewekwa kukumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo vita ya kwanza ya dunia. Wengi hatuunganishi hii ila hao wabeba mizigo, Carrier Corps, ndo walioacha jina la Kariakoo, maana kambi yao ilikuwa pale. Mwenzangu kafanya kazi Kariakoo miaka kumi na mbili alikuwa hajui. Jumatatu yake alienda kuwahadithia wenzake wote dukani.

Sasa muziki, na hapa ntakaa kidogo.

Kama mmoja wenu anapenda dansi, mmebahatika kukaa kwenye mji ambao bendi za zamani bado zinapiga laivu. Msondo Ngoma ilianza 1964 kama NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, majina yamebadilika na chama ila ngoma ni ileile. Sikinde, yani Mlimani Park, ilizaliwa 1978, na ule msemo wao wa sikinde ngoma ya ukae kwa sisi Wazaramo una utamu wa peke yake, ukae ni nyumbani. Ushindani wa bendi hizi mbili ni kama Simba na Yanga na kuna siku zinakutanishwa jukwaa moja, ikitokea hiyo msikose. Ratiba zao zinabadilika, leo baa hii kesho ukumbi ule, kwaiyo angalieni mabango na kurasa zao siku hiyohiyo, au muulize mzee yeyote wa baa anayependa dansi, atakuambia bila kukosea.

Vitu vya kujua mkienda dansi. Msiwahi sana, bango likisema saa mbili usiku mjue saa mbili wanafunga spika. Mnaanza na nyimbo za taratibu, watu wanakaa, wanasikiliza maneno, na hayo maneno ndo utamu wenyewe, nyimbo nyingi ni hadithi kamili ya mtu aliyeachwa au aliyedhulumiwa au ndugu waliomgeuka. Wimbo ukishafika kwenye chemko, magitaa yanapoanza kukimbizana, hapo ndo mnainuka. Kama hamjui kucheza, hakuna shida yoyote. Angalieni wale wazee na wake zao wanavyocheza, hawarukiruki, wanasogea kidogo tu miguu imekaa chini, kashika kiuno cha mkewe na macho kafumba. Mi usiku ule wa kwanza niliwaangalia wazee wawili wale mpaka nikasahau soda yangu. Nadhani ndo siku niliyoelewa kwa nini mume wangu anapenda ule muziki.

Taarab ni kitu kingine kabisa na wanaume wengi wanaiogopa bure. Waiteni kwenye zamu yenu dada zangu. Vaa vizuri, tena vizuri hasa, taarab ni sehemu ya kupendeza, usiende na jinsi na raba. Kila wimbo una mlengwa, ni mafumbo na mipasho, Khadija Kopa hajaitwa malkia wa mipasho bure. Kutuza ni hivi, unainuka taratibu, noti mkononi juu, unacheza kidogo kuelekea kwa muimbaji, unampa, unarudi taratibu. Ila angalia unatuza kwenye ubeti gani! Ukituza kwenye ubeti wa kumsuta jirani, watu wote ukumbini wanageuka kutafuta huyo jirani yupo meza gani. Siku ya kwanza mwenzangu alinogewa na sauti akataka kuinuka, nikamvuta shati, maana meza ya pili yetu kulikuwa na wanawake wawili ambao ukumbi mzima ulikuwa unajua hawasalimiani na wimbo ulikuwa umewafikia wenyewe. Nikamwambia kaa, huu sio wetu, subiri ule wa mapenzi. Ukaja wa mapenzi akaenda akatuza elfu mbili, akarudi akaniangalia. Miaka tisa ya ndoa na sikuwahi kutuziwa wimbo.

Muda mzuri wa taarab ni Idi Mosi na Idi Pili na kile kipindi cha vunja jungu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Ndani ya mwezi wenyewe mji unapoa, na mi nasema ni vizuri, huo ni muda wa futari, kutembea jioni na kunywa uji wa pilipili manga.

Singeli ntaisema kwa kifupi. Ni ya hapahapa, imetoka uswazi kwetu, Manzese, Tandale, Mburahati, na kasi yake ni ile ambayo moyo unaona unakimbizwa, sa hivi inapigwa hadi kwenye matamasha ya Ulaya. Mi haijaniingia bado, ila mwenzangu anacheka peke yake akiisikia. Kama mnataka kuiona laivu chagueni shoo ya wazi yenye ulinzi, au nendeni na mwenyeji wa mtaa huo, na mrudi mapema.

Na kama mnakaa maeneo ya Wazaramo, Mbagala, Gongo la Mboto, Kisarawe huko, mkisikia mdundiko unapita tokeni nje. Ni ngoma ya kwetu inayotembea, inazunguka mtaa kwa mtaa na watu wanaifuata nyuma, na wakubwa walikuwa wanatuonya tukiwa watoto kwamba ukiufuata mdundiko utajikuta mtaa usioujua. Fuateni wawili mtarudi wote. Huo haupo kwenye ratiba yoyote na hauna tiketi.

Mpira. Najua kuna watakaosema mpira sio utamaduni, mi siwaelewi. Yanga ni ya 1935 na Simba 1936, zimezeeka kuliko nchi yenyewe, na nyumba za Dar zimegawanyika kwa rangi kabla hazijagawanyika kwa kitu kingine chochote. Ya kwetu mi ni Simba yeye ni Yanga. Kwenda Uwanja wa Mkapa siku ya dabi ukiwa na mtu unayempenda na ambaye unataka timu yake ifungwe, hakuna mtoko kama huo. Maelekezo yangu ni haya: kateni tiketi mapema kwa N-Card, ile kadi ya tiketi, msisubiri mlangoni, viti vya mzunguko ndo bei rahisi na ndo kwenye kelele tamu. Mashabiki wanakaa upande upande, kwaiyo kubalianeni nani leo anakuwa mgeni. Mgeni havai jezi, anavaa nguo isiyo na rangi yoyote ya timu, na timu yake ikifunga anashangilia moyoni. Zamu inayofuata mnabadilisha. Mi nimewahi kukaa katikati ya kijani na njano yote ile Simba inafunga goli, nikamfinya mkono mume wangu chini kwa chini, na yeye akanilindia siri. Beba maji, ingia mapema, na kurudi msipande gari la kwanza, tembeeni kidogo mkila mishkaki mpaka foleni ya Chang'ombe ilegee.

Kwa siku ambazo mnataka utulivu kuna michoro na vinyago. Nafasi Art Space ipo Mikocheni toka 2008, wasanii wana studio zao pale, nyingi ni za makontena, na raha yake ni kwamba unamkuta mchoraji mwenyewe ana rangi mikononi unamuuliza hii ina maana gani. Msiogope kuuliza. Sisi tulijiona kama hatustahili kuingia sehemu kama ile, tukasimama getini tunasukumana nani aanze, na walitupokea vizuri kabisa. Jioni nyingine wanakuwa na muziki au filamu au ngoma. Upanga kuna Alliance Française na Goethe-Institut, nao wanaweka maonyesho na shoo mara kwa mara na nyingine ni za bure, fuatilia kurasa zao mwanzoni mwa mwezi uandike tarehe ukutani.

Tingatinga nendeni Oysterbay kwa chama chao wenyewe. Kabla ya kwenda someni kidogo habari za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, alikuja mjini kutafuta maisha, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vibao vya silingi bodi, na mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mwizi. Miaka minne tu ya kuchora. Ndugu na wanafunzi wake ndo wakaendeleza mpaka leo kila mtalii anaondoka na tembo mmoja au twiga. Ukijua hivo huwezi kuangalia wale ndege wa rangi kwa macho yaleyale. Tulinunua kidogo kabisa, cha saizi ya daftari, kipo juu ya TV.

Vinyago Mwenge. Hapa cha muhimu ni kujua mpingo. Mpingo wa kweli ni mzito mno, ukiuweka kwenye maji unazama, na ukiangalia chini ya kinyago au sehemu ambayo haijang'arishwa utaona weusi umeingia mpaka ndani na mara nyingine kuna mstari mweupe wa ganda la nje la mti. Mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu unajitoa wenyewe, sugua na kitambaa chenye maji. Mwombeni fundi awaeleze tofauti ya kinyago cha ujamaa, ile ya watu wamebebana kizazi juu ya kizazi, na kile cha shetani. Wamakonde wanajua kuhadithia, mpe muda tu, na hata usiponunua mnunulie soda.

Kijiji cha Makumbusho, ile ya barabara ya Bagamoyo ambayo kituo cha daladala kimepewa jina lake, hii naipendekeza hasa kwa walioana makabila tofauti. Kimekuwepo toka miaka ya 1960 na kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kama zilivyo huko kwao, mnaingia ndani kabisa. Mwenzangu alinikalisha ndani ya msonge wa Wahaya akanionyesha wapi analala nani, wapi wanakaa ng'ombe, wapi bibi yake alikuwa anaweka ndizi za kuivisha, vitu ambavyo hajawahi kunihadithia toka tuoane. Afu mi nikampeleka kwenye nyumba ya Kizaramo, ya udongo na makuti, nikamwonyesha baraza. Ulizeni getini siku gani kuna ngoma ndo mwende siku hiyo. Nendeni bila watoto mara ya kwanza, watoto wapelekeni mara ya pili.

Kariakoo siku ya mapumziko nendeni mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga. Doti moja ni kanga mbili, kwaiyo ni zawadi inayogawanyika yenyewe. Mchezo wetu ni kila mtu anamchagulia mwenzie maneno bila kumwambia, mnasomeana mkishafika nyumbani. Chukueni muda, someni, msichague rangi tu! Baada ya hapo tafuteni wale wazee wa kahawa chungu na kashata, kaeni kwenye benchi lao, sikilizeni siasa, na kama kuna bao linachezwa ombeni kufundishwa.

Vitabu haraka haraka. Duka la TPH lipo Samora, mgahawa wa vitabu unaoitwa Soma upo Mikocheni, na Maktaba Kuu pale Bibi Titi ambayo Mwalimu aliifungua 1967 bado ipo na ukimya wake ni mzuri. Chukueni kitabu kimoja mkisome wawili, mmoja anasoma kwa sauti usiku mwingine anakunja nguo.

Mambo ya kujiandaa ambayo watu wanayasahau. Watoto, tafuta mtu wa kukaa nao wa kudumu, sisi tuna bibi yao na tunamletea kitu kila tukitoka, hata karanga, kwa sababu bila yeye hakuna mtoko. Simu, moja inabaki kwenye pochi na nyingine inatumika kwa picha na kulipia, sio zote mbili mezani. Masika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, chagueni vitu vya ndani na vya karibu maana mvua ikinyesha Jangwani mnaweza kulala njiani. Tiketi, nunueni mahali panapojulikana. Mwaka jana tulilipia shoo kwa mtu wa mtandaoni, tumefika ukumbi umefungwa na mlinzi hana habari, tulikuwa wengi tu tumesimama pale nje tumevaa. Hela haikurudi. Siku hizi napiga simu ukumbini kwanza.

Mkishazoea kuna mitoko ya mara moja kwa mwaka ya kuwekea akiba. Sauti za Busara Zanzibar, mwezi wa pili, Ngome Kongwe, ipo toka 2004. Bagamoyo kwenye tamasha la chuo cha sanaa, TaSUBa, unaenda na daladala unarudi, au mnalala usiku mmoja mkione na kituo cha misafara na magofu ya Kaole kesho yake. Kwa hizi kibubu kinavunjwa chote.

Na kwa ile wiki ambayo kibubu hakina kitu kabisa, maana zipo. Saa kumi na moja jioni nendeni Kivukoni mkapande pantoni la Kigamboni. Nauli ya mtu wa miguu ni ndogo mno, hamuwezi kushindwa. Simameni pembeni upande wa mji, sio katikati na magari. Mkivuka msiende popote, nunueni mihogo ya kukaanga yenye chachandu na ndimu, tafuteni sehemu ya kukaa mkiangalia ng'ambo, subirini adhana ya magharibi, misikiti ya upande ule na huu inaanza kwa kupishana kidogo sauti zinakutana juu ya maji, na taa za mji zinawaka moja moja kuanzia bandarini. Pantoni la kurudi lina upepo, kwaiyo beba kanga.